Mteja anadai leseni ya fani ya kuosha majengo kwa mashine ya presha: kwa hapa Kigoma inatolewa wapi?

Mwanamwanga (mwanzisha mada)

Mwakeye wana Kigoma, na salamu kwa wengine wote mnaopita hapa.

Nimeosha magari na bajaji hapa Mwanga kwa miaka kadhaa nikiwa kibarua wa mtu, na sasa nina mashine yangu ya presha ya petroli pamoja na simtanki la lita 1,000 ambalo nalisafirisha kwa kirikuu cha kukodi. Taratibu nimeanza kupata kazi zisizo za magari: kuta zilizoshika vumbi jekundu, ua zenye tofali za pevingi zilizoota mwani wakati wa masika, mabati ya maghala, na sakafu za mahali wanapopakulia mawese. Kazi hizo zinalipa vizuri kuliko gari, kwa sababu mwenye gari atabishana nawe kwa shilingi mia tano, ilhali mwenye jengo anachotaka ni jengo lake ling'ae kabla wageni hawajafika.

Hivi karibuni nilikwenda kuomba kazi katika nyumba moja ya wageni. Meneja alinizungusha jengo zima, akanionyesha kuta, ngazi na maegesho, tukaelewana hata kuhusu siku ya kuanza. Mwisho akaniambia nilete leseni ya fani ya kuosha kwa presha, kwani hawezi kumruhusu mtu asiyethibitishwa kuligusa jengo la tajiri wake. Nilimtolea kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, akakitazama mbele na nyuma, akanirudishia akisema kuwa hicho kinamfaa muuza nyanya. Nilipouliza mtaani, mmoja alinielekeza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, mwingine manispaa, na wa tatu alicheka tu.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, leseni ya fani ya namna hiyo ipo Tanzania? Na kama haipo, nimpelekee nini yule meneja ili anielewe, bila kumdanganya?

Chapakazi

Ndugu yangu, usijisumbue. Mimi naosha Gungu na Katubuka na sijawahi kuulizwa karatasi na mtu yeyote. Anayetaka jengo lake lioshwe atakuita, asiyetaka atakaa na vumbi lake. Hizo habari za leseni ni njia ya kukutoa kwenye bei.

Karani Mstaafu

Kijana wangu Mwanamwanga, usimfuate Chapakazi, ingawa kuna sehemu moja amesema kweli, nami nitaifikia.

Nilifanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi za biashara za halmashauri, na swali lako lilikuwa likija kwa sura mbalimbali: mpaka rangi, mpuliza dawa za wadudu, fundi wa madirisha ya alumini. Kuna kibali cha kufanya biashara, na kuna uthibitisho wa ujuzi. Kibali cha kufanya biashara kinatokana na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara na leseni, za kundi B hutolewa na halmashauri, na huduma ndogo kama yako inashughulikiwa na Manispaa ya Kigoma Ujiji. Utahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA, cheti cha kuonyesha kuwa hudaiwi kodi, kitambulisho cha NIDA, na mkataba wa pango au uthibitisho mwingine wa mahali unapofanyia biashara. Maombi siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI, kwa hiyo unaweza kuanza ukiwa nyumbani. Leseni hudumu mwaka mmoja na inatakiwa ibandikwe mahali inapoonekana.

Leseni hiyo, hata hivyo, haisemi chochote kuhusu ujuzi wako. Afisa biashara hatakuuliza kama unajua kutofautisha ukuta wa saruji na ukuta wa chokaa. Anataka kujua wewe ni nani, uko wapi, na kodi unalipa au hulipi. Hapo ndipo Chapakazi yuko sahihi kidogo: karatasi ya manispaa haimhakikishii meneja kwamba rangi ya ukuta wake itabaki ukutani.

Fani zinazodhibitiwa kwa bodi zinajulikana. Wahandisi wana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, makandarasi wana bodi yao, na mafundi wa kufunga umeme hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waosha kwa presha hawana bodi. Meneja wako anaomba kitu ambacho hakuna ofisi Tanzania inayokitoa, na huna haja ya kumwambia kwa ukali. Mweleze kwa adabu, kisha mwekee mezani vile vilivyopo. Angalia tu usije ukaanza kuchukua mikataba ya kukarabati na kuezeka huku ukijiita mwosha kuta, maana hapo utakuwa umeingia kwenye eneo la Bodi ya Makandarasi.

Kuhusu kitambulisho cha mjasiriamali, meneja amekosea kukibeza, lakini hakukosea kukiona hakitoshi. Vitambulisho vile vilianza kutolewa Desemba 2018, kwa shilingi 20,000, kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Ukianza kuosha nyumba za wageni na maghala, mauzo yako yatavuka kiwango hicho kabla hujajua, na ni afadhali uvuke ukiwa na leseni na namba ya mlipakodi kuliko kukutwa.

Jambo jingine ambalo vijana wengi hawalioni: sajili jina la biashara BRELA. Gharama yake si ya kukutisha, na taasisi yoyote inayolipa kwa benki inapenda kulipa jina la biashara kuliko kulipa namba ya simu ya mtu. Ukitaka kuosha shule, zahanati au ofisi za Serikali, zabuni zake zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, na sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Kikundi cha vijana watano wenye mashine moja kinaweza kupata mlango ambao mtu mmoja hodari hawezi kuupata. Hata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, huwafuata walio katika vikundi.

Fundi wa Isevya

Mzee Karani, shikamoo. Umemaliza upande wa ofisi. Mimi niko Tabora na kazi yangu ni hii hii, kwa hiyo nitazungumzia upande wa bunduki ya mashine.

Mwanamwanga, meneja mwenye akili hahitaji cheti. Anahitaji kusikia unavyozungumza ukiwa umesimama mbele ya ukuta wake. Mtu aliyetoka kwenye magari ana tabia moja ambayo lazima aivunje, nayo ni kuamini kwamba uchafu hutoka kwa nguvu. Bodi ya gari ni chuma kilichopakwa rangi ya kiwandani, inavumilia. Ukuta hauvumilii. Mashine ndogo za umeme zinatoa kati ya bar 100 na 150 (bar ni kipimo cha presha), na za petroli za kazi zinafika bar 200 na kuendelea. Nguvu hiyo ikitoka kwenye nozeli (ncha ya kutolea maji) nyekundu, ambayo inatawanya maji kwa pembe ya nyuzi 0, inakata kama msumeno: inachimba saruji, inachana mbao, inafuta chapa ya gari. Ya njano ni nyuzi 15, ya kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya kumwaga sabuni kwa presha ndogo. Kwa ukuta wa rangi anza na nyeupe, simama mbali zaidi ya nusu mita, jaribu sehemu iliyojificha nyuma ya mlango au chini ya dirisha, kisha sogea taratibu mpaka uone uchafu unatoka na rangi inabaki. Mimi nyekundu siibebi kabisa ninapokwenda kwenye nyumba ya mtu, inabaki gereji.

Nyumba nyingi za kwenu Kigoma na za kwetu Tabora ni za tofali za kuchoma, na si chache zimejengwa kwa udongo kwenye viungo, saruji ikapigwa juu tu. Pale lipu ilipopasuka, maji ya presha yanaingia nyuma yake na kuutoa ule udongo; wewe utaondoka jioni ukuta unang'aa, na mwezi ujao lipu itadondoka kama ganda. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla ya kuwasha mashine. Pakilia kwa uwazi, usipige presha hapo. Tumia brashi, sabuni na mpira wa kawaida. Majengo ya zamani ya Wajerumani, ambayo Tabora tunayo na Kigoma mnayo, yalitumia chokaa kwenye viungo, na chokaa ni laini kuliko saruji. Nimeyaona majengo yaliyooshwa na watu wa haraka: viungo vimerudi ndani kiasi cha kuingiza ncha ya kidole, mawe yamebaki yamejitokeza. Uharibifu wa namna hiyo hauzibiki kwa kurudisha pesa ya kazi.

Mwani na kuvu kwenye pevingi na kwenye kuta za nyumba zisizopata jua havihitaji presha kubwa, vinahitaji dawa. Klorini, hii mnayoiita jiki, ikichanganywa na maji na sabuni kidogo, ikapakwa, ikaachwa dakika 10 hivi bila kukauka, inaviua mpaka ndani; halafu unasuuza kwa presha ndogo. Ukitumia nguvu peke yake, unakwangua vya juu na kuacha vilivyojificha kwenye vitundu, na masika yakirudi mteja anakupigia simu. Lowesha kwanza maua na bustani yake kwa maji safi na uyasuuze tena baadaye. Usithubutu kuchanganya klorini na tindikali ya kusafishia vigae, hata kwa kutumia ndoo ile ile ambayo haikusuuzwa: inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu.

Umetaja sakafu za mawese. Hiyo ni kazi ya kipekee, na usiikadirie bei kama sakafu ya kawaida. Mawese huganda, na ili yayeyuke vizuri yanahitaji joto la kama nyuzi 35. Ukipiga maji baridi ya presha, unayasukuma tu kutoka kona hii kwenda kona ile na kuyazamisha kwenye vitundu vya zege. Moto ndio dawa yake: maji ya moto, au sabuni kali ya asili ya kostiki soda iliyopimwa vizuri, ambayo inayageuza mafuta yale kuwa sabuni, kama wanavyofanya wapishi wa sabuni za mawese hapo hapo kwenu. Vaa glavu ndefu na miwani. Na usitie maji ya moto kwenye mashine isiyotengenezwa kwa maji ya moto, kwa maana utaua sili za pampu siku hiyo hiyo. Mwaga ya moto kwa ndoo, sugua, kisha suuza kwa mashine.

Neno la usalama, kisha ninyamaze. Maji ya presha yanapenya ngozi kuanzia karibu bar 7, na wewe una mashine yenye bar zaidi ya mara ishirini ya hizo. Jeraha lake linaonekana kama tundu la sindano, halitoki damu nyingi, na mtu hujifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Ndani, maji machafu na sabuni vimesambaa kwenye nyama ya mkono. Akipigwa na maji hayo kibarua wako, mpeleke hospitali ya Maweni wakati huo huo na mwambie daktari waziwazi kwamba ni maji ya mashine ya presha, asije akalitibu kama mchubuko. Viatu vya mvua, miwani, glavu, na bunduki yenye kufuli. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya chumba wala ndani ya ghala lililofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Ya umeme itumie soketi yenye waya wa ardhi na kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Binti Ujiji

Nami niseme kama mteja, maana nina nyumba ya kulala wageni, na huenda yule meneja ametumwa na mtu kama mimi.

Mdogo wangu, tunapodai leseni, mara nyingi hatujui hata tunadai nini. Tumeumia tu. Alikuja kijana mmoja kwangu akiwa na mashine nzuri mpya, akaosha ukuta wa mbele ukawa kama umejengwa jana, kisha akageukia madirisha. Maji yakapita kwenye kingo za alumini, yakaingia vyumba viwili, magodoro yakalowa, na soketi moja ikapiga cheche. Nilipomwuliza nani atalipa, aliniambia yeye ni kibarua tu, mashine si yake. Mwenye mashine naye akasema hakumtuma. Tangu siku hiyo, kabla ya bei, nauliza mambo matatu: jina lako kamili na mahali unapopatikana, nani analipa kikiharibika kitu, na nani atafunga madirisha na kuzima umeme wa nje kabla hujaanza.

Aliyenijibu vizuri alinijia na daftari. Tulizunguka pamoja akaandika nyufa zote zilizokuwapo kabla hajagusa, akapiga picha kwa simu, akanitumia palepale. Tukasaini karatasi ya ukurasa mmoja. Sikumwuliza cheti tena.

Mwanamwanga

Dada, nimekupata, na Fundi pia nimekupata. Nilikuwa nafikiria cheti, sikufikiria nyufa. Naomba kuuliza jambo moja kwa anayejua: meneja wa nyumba ile ya wageni anataka pia niwe naosha magari ya wageni wake chini karibu na ziwa, ambako kuna mahali tambarare na maji yapo bure. Hilo lina shida?

Mlinda Ziwa

Lina shida, tena kubwa, nami ningependa ulisikie hapa kabla hujalisikia kwa bwana afya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kituo cha kuoshea magari kilichowekwa hapo kila siku kinaingia kwenye katazo hilo, hata kama hakina ukuta wala paa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechota maji kwa biashara na kwa anayemwaga maji machafu kwenye chanzo cha maji. Ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ziko hapa hapa Kigoma, kwa hiyo huna kisingizio cha umbali. Hayo "maji ya bure" hayapo. Ukichimba kisima chako cha biashara utahitaji kibali vilevile, na ukinunua ya KUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, utalipa bili.

Watu huniambia ziwa ni kubwa, lina kina cha mita 1,470, mafuta ya bajaji mbili yatalifanya nini. Ukubwa huo huo ndio tatizo lake. Ziwa Tanganyika linatoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo kwa karne nyingi kabla hayajabadilika. Kinachoingia hapa kwetu kinabaki. Na mahali pa kina kirefu sipo mnapooshea. Mnaoshea ufukweni, kwenye mawe ambako samaki wanazalia, na mita chache kutoka hapo mama anachota maji ya kupikia. Mwaka 2024 Serikali ililifunga ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, na wavuvi wakakaa bila kipato. Itakuwa ajabu mvuvi azuiwe kutupa nyavu huku mwosha magari akimwaga grisi.

Njia halali haihitaji mtaji mkubwa. Sakafu ya zege yenye mteremko kuelekea kona moja, kisha shimo lililogawanywa vyumba vitatu kwa ukuta wa tofali. Chumba cha kwanza kinatuliza mchanga na matope. Cha pili kinapokea maji kupitia bomba lililopinda kuelekea chini, ili mafuta yabaki yanaelea juu na maji ya chini ndiyo yasonge mbele. Cha tatu kinapokea maji yaliyopungua mafuta, na kutoka hapo yanakwenda kwenye shimo la kunyonya lililo mbali na kisima cha mtu yeyote, au kwenye mfumo wa majitaka pale ulipo. Mafuta ya juu yanachotwa kwa kopo na kuwekwa kwenye dumu, hayamwagwi mtaroni. Shimo lisipochotwa mchanga kila mara, chumba cha kwanza kinajaa na yote mengine yanakuwa mapambo.

Kwa kuta na ua huna shimo la kubeba, lakini unaweza kuziba mdomo wa mtaro kwa mifuko ya mchanga, ukayaacha maji yatulie, na kuyaelekeza kwenye udongo wenye majani badala ya mfereji unaoteremka ziwani. Mitaro yetu ya Kigoma yote inajua njia moja tu, ya kuteremka.

Mmanyema wa Houston

Nawasalimu kutoka Marekani. Nilikaa Ujiji mpaka nikamaliza sekondari, na huku nimefanya kazi ya kuosha majengo kwa presha, kwa hiyo naweza kuongeza jambo moja kuhusu jinsi wenzetu wanavyofanya.

Msidhani huku kuna bodi ya taifa inayotoa leseni ya kazi hii. Haipo. Kila jimbo na kila mji una utaratibu wake. Mahali pengine unahitaji leseni ya kawaida ya biashara tu, mahali pengine kibali cha mji kuhusu maji machafu. Kinachombana mtu huku ni vitu viwili. Cha kwanza ni sheria ya maji safi ya mwaka 1972, ambayo inakataza kuyaacha maji ya kuoshea yaingie kwenye mifereji ya mvua, kwa sababu mifereji hiyo inakwenda mtoni bila kusafishwa. Tunabeba mikeka ya kuziba mifereji na mashine ya kuyanyonya maji. Cha pili ni bima. Mteja mwenye jengo la biashara hakuulizi cheti cha shule, anakuuliza karatasi ya bima ya hasara kwa mali ya watu wengine, na usipokuwa nayo hupiti getini.

Ujuzi unathibitishwa na vyama vya wenyewe kwa wenyewe. Marekani kuna PWNA, chama cha waosha kwa presha, na vingine. Uingereza kuna Water Jetting Association, ambayo inafundisha, inatahini, na kutoa kadi. Hakuna aliyelazimishwa na Serikali kuanzisha vyama hivyo. Kampuni zilichoka kuona kazi zao zikichafuliwa na wachache.

Chapakazi

Sasa mmesema jambo la maana. Tuanzishe chama chetu waosha kwa presha wa Kigoma, tuwe na kadi, na tukubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeishusha. Anayeshusha tumfukuze.

Karani Mstaafu

Chama anzisheni, bei acheni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara washindani kukaa pamoja na kupanga bei, na Tume ya Ushindani haijali kama mlikaa hotelini au chini ya mwembe. Mnaweza kukubaliana kuhusu viatu, miwani, mahali pa kumwaga maji, karatasi ya makubaliano na mteja, na namna ya kumtahini mwanachama mpya kabla hajapewa kadi. Hayo hakuna atakayewauliza. Na ninakuona, Chapakazi: mwanzoni hukutaka karatasi, sasa umezitaka zilipogeuka kuwa uzio.

Mwanamwanga, kwa upande wa bima, zungumza na wakala wa bima yeyote aliyesajiliwa, umwulize bima ya dhima kwa mali ya wateja. Kwa kazi ndogo si ghali kama vijana wanavyodhani. Ukiwa na vibarua, jisajili pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na usajili mahali pako pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Vifaa vya kujikinga ni jukumu lako mwajiri, humkati kibarua pesa yake. Na kama unaona unahitaji karatasi ya ujuzi kwa ajili ya moyo wako, VETA wana utaratibu wa kutahini na kutambua ujuzi ulioupata kazini bila kupita darasani, kwa fani kama uashi na ufundi bomba. Uashi utakufaa: anayejua ukuta unavyojengwa anajua unavyooshwa.

Mwanamwanga

Mzee wangu, shukrani zote ni zako. Nimeanza maombi ya leseni jana usiku, na nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja: kwamba fani hii haina bodi Tanzania, kwamba nitaleta leseni ya manispaa na jina lililosajiliwa, kwamba tutazunguka pamoja na kuandika nyufa, kwamba nitajaribu sehemu ya siri kwanza, na kwamba magari ya wageni sitayaosha ufukweni. Bima naifuatilia.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Nyuma ya jengo kuna nyumba ya zamani ya watumishi, paa lake ni la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, si bati, na limeota kuvu jeusi. Meneja analitaka lioshwe pamoja na mengine kwa bei ile ile. Nitumie nozeli gani?

Fundi wa Isevya

Usitumie yoyote. Usipande hata ngazi.

Mabamba ya kijivu, mazito, ya mawimbi, kwenye nyumba ya zamani, yahesabu kuwa ni asbesto mpaka uthibitishiwe vinginevyo. Nyuzi zake zikipulizwa hewani zinaingia mapafuni na zinasababisha saratani miaka mingi baadaye, wakati hata hukumbuki ulioshea wapi. Presha ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kuligusa paa hilo: inakwangua saruji iliyozishika zile nyuzi, inazirusha kwenye kuta, kwenye bustani na kwenye nguo unazokwenda nazo nyumbani kwa watoto, na maji yakikauka zinabaki vumbi. Tena mabamba hayo yakizeeka huvunjika chini ya mguu, watu hutumbukia.

Mwandikie hivyo hivyo kwenye barua yako, kwa kipengele chake chenyewe: paa la nyumba ya watumishi halimo katika kazi hii, halitaguswa kwa maji ya presha, na ukuta wake utaoshwa kwa brashi na mpira wa kawaida bila maji kurushwa juu ya usawa wa dirisha. Punguza sehemu hiyo kwenye bei waziwazi, ili asidhani unamkwepa. Akikujibu kwamba atamtafuta mwingine wa kuliosha, mwache amtafute, lakini hakikisha siku hiyo wewe na vibarua wako hamko pale.